Nitembee Wapi, Daktari? Hoja ya Kuiingiza Njia ya Msituni Katika Matibabu

Katika kliniki za kisukari na shinikizo la damu ipo sentensi moja ambayo sisi wahudumu huisema mara nyingi kuliko zote: "Ufanye mazoezi." Huisema mgonjwa akiwa amekwisha kusimama, mkono mmoja umeshika cheti cha dawa na mwingine unafungua mlango. Mimi nimeisema kwa miaka mingi. Nimeiandika katika majalada kwa neno moja tu, "mazoezi", bila kipimo, bila muda na bila mahali, jambo ambalo nisingethubutu kulifanya kwa dawa yoyote. Hakuna tabibu anayeandika neno "dawa" kisha akamwachia mgonjwa aamue mwenyewe ni dawa gani, ameze kiasi gani na aipate wapi.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja mwenye umri wa miaka 61, muuza vitambaa wa hapa Moshi. Alirudi kliniki baada ya miezi mitatu, sukari ikiwa haijashuka na uzito ukiwa umeongezeka. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha nikamuuliza, kwa sauti ambayo sasa naiona ilikuwa ya kumlaumu, kama aliendelea na yale mazoezi tuliyokubaliana. Akanitazama kidogo, akasema: "Daktari mwanangu, uliniambia nitembee. Nitembee wapi? Barabarani bodaboda wataniua. Mtaani kwetu nikizunguka bila mzigo na bila safari wataniuliza nimepotelewa na nini."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimempa agizo lisiloweza kutekelezeka, na kwa miezi mitatu nikahesabu kushindwa kulitekeleza kuwa ni uvivu wake. Makala haya ni jaribio la kumjibu mama yule, na wengine wengi walionyamaza kwa adabu. Hoja yangu ni hii: agizo la kutembea halijakamilika mpaka limetaja mahali, mahali pazuri kuliko tunavyodhani papo karibu nasi, chini ya miti, kando ya maji, na ni wajibu wa wahudumu wa afya kupajua, kupatumia na kupatetea.

Msitu ulio mlangoni

Kilomita chache kutoka katikati ya mji wa Moshi upo Msitu wa Hifadhi wa Rau. Si hifadhi kubwa. Mgeni aliyekuja kupanda Kilimanjaro aweza kukaa wiki nzima mjini asisikie habari zake. Lakini ni msitu wa namna ya pekee, kwa kuwa hautegemei mvua inayonyesha juu yake pekee. Maji yanayodondoka katika miteremko ya mlima hupenya ardhini, yakateremka chini kwa chini, na huku tambarare yakaibuka kuwa chemchemi na vijito. Ndiyo maana wakati mashamba ya jirani yamekauka na kugeuka rangi ya vumbi, msitu hubaki kijani.

Siku ya Jumamosi baada ya maneno ya yule mama, nilikwenda peke yangu kuutembelea. Nakiri kwamba nilikuwa nimefanya kazi mjini hapa miaka kadhaa bila kuingia humo hata mara moja. Njia huanzia penye mwanga mkali na mashamba ya mpunga. Hatua chache tu ndani, kivuli kinakufunika na joto linapungua kiasi cha mwili kulitambua hilo kabla ya akili. Ardhi ni laini. Kijito kinapita kando, hakina haraka, na sauti yake inafika masikioni kabla hakijaonekana. Ipo mivule yenye mashina ambayo watu kadhaa wakishikana mikono ndipo wanaweza kuyazunguka. Upo pia mti ambao wataalamu huuita Oxystigma msoo, unaopatikana katika misitu michache tu ya Afrika Mashariki. Juu matawini wapo mbega, wenye manyoya meusi na meupe, ambao hutazama mpita njia kwa utulivu wa mzee aliyeketi barazani.

Nilitembea dakika 50. Nilipotoka nilitazama saa nikashangaa, kwani nilidhani zimepita dakika 20. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo vitabu vyangu havikunifundisha: kwamba dakika 30 za kuzunguka uwanja mtupu ni ndefu kuliko dakika 50 za kufuata kijito. Mgonjwa anayeona kutembea ni adhabu ataacha baada ya wiki mbili. Anayesahau kwamba anafanya mazoezi ataendelea.

Sayansi inasemaje

Msomaji ambaye ni mhudumu wa afya atataka ushahidi, na ana haki. Tuanze na kutembea kwenyewe. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet utafiti uliolinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Walikuwa watu wa kazi moja, mji mmoja na kipato kinachokaribiana, ila dereva aliketi siku nzima na kondakta alipanda na kushuka ngazi. Makondakta waliugua ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva. Tangu wakati huo ushahidi umelundikana. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliofanyika Marekani ulionyesha kwamba watu waliokuwa katika hatari ya kupata kisukari, wakapunguza uzito kwa kurekebisha chakula na kufanya mazoezi ya wastani kama kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki, walipunguza hatari hiyo kwa asilimia 58. Waliopewa metformini walipunguza kwa asilimia 31. Kwa mwenye shinikizo la juu la damu, mazoezi ya mara kwa mara ya namna hii hushusha kipimo cha juu kwa takriban milimita 5 hadi 8 za zebaki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki.

Sababu yake si fumbo. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu hata pale insulini inapokuwa haifanyi kazi yake vizuri. Mishipa ya damu nayo, ikizoezwa, hutanuka kwa urahisi zaidi.

Sasa vipi kuhusu miti na maji? Hapa yafaa tuseme kwa uangalifu. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao walilala katika vyumba ambavyo dirisha lilitazama miti. Nusu nyingine dirisha lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema zaidi kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Mwaka 2019, uchambuzi wa majibu ya watu takriban 20,000 wa Uingereza ulionyesha kwamba waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki katika mazingira ya asili walielekea zaidi kusema kwamba wana afya njema na wameridhika na maisha yao. Nchini Japani, tangu mwaka 1982 idara ya misitu imekuwa ikihimiza wananchi kutembea polepole msituni kwa ajili ya afya.

Ushahidi huu una mipaka. Uchunguzi wa Ulrich ulikuwa mdogo. Ule wa Uingereza hauwezi kututhibitishia kipi ni chanzo na kipi ni matokeo, kwa kuwa huenda mwenye afya ndiye anayeweza kwenda msituni. Kwa hiyo sisemi kwamba mvule unatibu kisukari. Asitokee mtu akaacha insulini kwa sababu amesoma makala haya. Ninachosema ni kitu kidogo zaidi na cha hakika zaidi: kutembea kunatibu, na mtu hutembea kwa muda mrefu zaidi, na hurudi kutembea tena, mahali ambapo pana kivuli, utulivu na kitu cha kutazama. Hata kama miti isingekuwa na faida nyingine yoyote, hiyo peke yake ingetosha.

Kosa langu

Baada ya wiki chache nilikusanya kikundi kidogo cha wagonjwa saba, yule mama akiwa wa kwanza kujiandikisha. Tulikubaliana kutembea kila Jumamosi asubuhi. Siku ya kwanza ilikuwa ya furaha. Watu ambao kliniki walikuwa wakijibu kwa "ndiyo" na "hapana" walisimulia habari za utotoni mwao, majina ya miti waliyofundishwa na bibi zao, na samaki waliowavua kwa mikono katika mifereji. Nilirudi nyumbani nikijiona nimegundua jambo kubwa.

Miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, mwenye kisukari cha zaidi ya miaka 15. Alivaa viatu vya zamani vya kufunika, bila soksi. Mahali tulipovuka kijito kwa kukanyaga mawe, changarawe iliingia katika kiatu chake cha kulia. Yeye hakuisikia. Alitembea saa nzima juu yake, akicheka na wenzake. Nyumbani hakuitazama miguu yake, kwa sababu hakuna aliyemwambia aitazame. Alirudi kwetu baada ya siku tisa, kidonda kikiwa kimeingia ndani na kidole kimebadilika rangi. Alikatwa kidole hicho, na kidonda kilichukua miezi minne kupona.

Kosa hilo ni langu. Sikuwa nimempima hisia za nyayo kabla ya kumpeleka njiani. Kifaa cha kupimia ni uzi mwembamba wa plastiki, kazi yake haizidi dakika tano, na uzi huo ulikuwa katika droo ya meza yangu. Nilimpeleka mtu asiyesikia maumivu ya mguu katika njia yenye mawe na maji, kana kwamba jambo jema haliwezi kuwa na madhara. Nilikuwa nimerudia kosa lile lile la neno "mazoezi", ila safari hii nikiwa nimetaja mahali na nikasahau kipimo.

Nilipomwomba radhi, alisema: "Daktari, msitu haukunikosea. Viatu ndivyo vilivyonikosea, na mimi na wewe hatukuvikagua." Ameniruhusu kusimulia habari hii bila kutaja jina lake, ili mwingine asipate yaliyompata. Ndiyo sababu nimeiandika hapa, mahali ambapo ingekuwa rahisi zaidi kuandika mafanikio peke yake.

Tumpime kwanza, ndipo atembee

Kutokana na tukio hilo tuliandika masharti ambayo sasa hatuyaruki. Nayaweka hapa kwa ajili ya wahudumu wenzangu, na kwa ajili ya mgonjwa atakayependa kuyadai kwa mhudumu wake.

Kwanza, miguu. Kila mwenye kisukari apimwe hisia za nyayo, mapigo ya mishipa ya mguuni na hali ya ngozi kabla ya kuanza. Mwenye ganzi avae viatu vya kufunika visivyobana, pamoja na soksi. Akung'ute kiatu kabla ya kukivaa, na aingize mkono ndani kuhakikisha hakuna kitu. Ndala na yeboyebo hazifai. Akirudi nyumbani aitazame miguu, na kama haoni vizuri, mwanawe au jirani amtazamie. Mwenye kidonda asitembee mpaka aruhusiwe. Zipo njia nyingine za mazoezi akiwa ameketi.

Pili, sukari. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari njiani. Asitoke na tumbo tupu, na awe na sukari mfukoni. Akisikia kutetemeka, jasho la ghafla, njaa kali au kuchanganyikiwa, aketi mara moja na ale vijiko vitatu vya chai vya sukari, akiiyeyusha katika maji safi kama anayo. Baada ya dakika 15 kama hajapata nafuu arudie. Wenzake waijue dalili hiyo, kwani anayeshukiwa na sukari mara nyingine hukataa kwamba anaumwa.

Tatu, moyo na shinikizo. Mwenye kipimo cha 180 kwa 110 au zaidi atibiwe kwanza. Anayebanwa na kifua, kukosa pumzi kusiko kwa kawaida au kuzirai anapotembea, asimame na atafute huduma. Hilo si jambo la kuvumilia. Kipimo cha mwendo ni rahisi: mtu aweze kuongea na mwenzake bila kuhema, lakini asiweze kuimba. Anayeanza aanze na dakika 10, kisha aongeze kidogo kidogo kila wiki.

Nne, maji. Kijito kinavutia kukiingia, hasa jua likiwa kali. Katika maji yanayokwenda polepole na yenye majani, na katika mifereji ya mashamba, wanaweza kuwamo konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Vimelea hivyo hupenya ngozi hata kama haina mchubuko. Kitazame kijito, kisikilize, lakini usikioge wala usinywe maji yake. Palipo na daraja au ubao, tuvukie hapo. Nyakati za jioni mbu huwa wengi penye maji, kwa hiyo asubuhi ni bora zaidi, na nguo ndefu husaidia dhidi ya mbu na kupe.

Masharti haya yasimtishe mtu. Hata vidonge tunavyovimeza kila siku vina karatasi ya maonyo ndani ya boksi.

"Watu wetu wanatembea vya kutosha"

Wapo wenzangu waliopinga wazo hili, na hoja zao si za kupuuzwa. Mmoja aliniambia: "Watu wetu wanatembea tangu wazaliwe. Anayechota maji na kulima hahitaji matembezi ya kizungu." Kwa mkulima ni kweli kabisa, na sitamwagiza mama anayepanda na kushuka mlima akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani akaongeze mazoezi. Lakini kliniki zetu zimejaa watu ambao maisha yao yamebadilika: dereva, mlinzi wa usiku, muuza duka, karani, fundi cherehani, na mtaalamu wa afya mwenyewe. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban asilimia 26 ya watu wazima wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la juu la damu na takriban asilimia 9 walikuwa na kisukari. Hao si wageni wala matajiri. Ni sisi.

Mwingine alisema msitu ni mahali pa kuogopwa. Mama zetu walitukataza kuingia msituni, na walikuwa na sababu: nyoka, wahuni, na hadithi nyingine ambazo hakuna aliyetaka kuzithibitisha. Kwa mwanamke, hofu ya kushambuliwa njiani ni ya kweli na haiondolewi kwa kuambiwa ajiamini. Ndiyo maana sipendekezi mtu aende peke yake. Napendekeza vikundi, siku inayojulikana, saa inayojulikana, na mwongozaji anayeujua msitu. Yule mama muuza vitambaa aliniambia kwamba kikundi kimemfaa kuliko njia yenyewe, kwa sababu sasa akitoka nyumbani na raba zake majirani hawamuulizi amepotelewa na nini. Wanamuuliza kama wanaweza kwenda naye.

Hoja ya tatu ni gharama, na hii ndiyo inayonikera zaidi. Kiingilio cha hifadhi, hata kikiwa kidogo, pamoja na nauli, ni fedha ambayo mgonjwa wa kipato cha chini anaipima dhidi ya unga na dawa. Tukimwambia kutembea ni tiba kisha tukamwekea mlango wa malipo, tumerudi pale pale pa kumwambia "fanya mazoezi" na kumwachia aamue mwenyewe. Ningependa kuona wasimamizi wa misitu na halmashauri wakikubaliana na vituo vya afya kwamba mwenye cheti cha kliniki aingie bila malipo katika siku maalumu za wiki. Mapato yatakayopotea ni madogo, na gharama ya kumkata mtu mguu, kwake, kwa familia yake na kwa hospitali, si ndogo hata kidogo.

Msitu nao una mgonjwa wake

Lipo jambo la mwisho ambalo mhudumu wa afya hawezi kulifumbia macho. Msitu mdogo ulio karibu na mji huzungukwa na mahitaji ya watu: kuni, nguzo, mkaa, malisho, mashamba ya mpunga yanayosogea mstari mmoja kila mwaka, na takataka za plastiki ambazo mvua huzileta kutoka mitaani. Anayekata mti kwa sababu hana kuni si adui wa msitu kwa moyo wake. Ni mtu mwenye njaa ya jioni. Lakini msitu wa chemchemi ukikatwa, maji yanayolisha mashamba hayo hayo huathirika, na aliyekata hupoteza zaidi ya alichopata.

Nimejifunza kwamba msitu unaotembelewa na watu wa kawaida hupata watetezi. Jirani zetu wa Kenya wana mfano. Msitu wa Karura mjini Nairobi, wenye ukubwa wa hekta 1,041, ulikuwa hatarini kugawiwa kwa wajenzi wa majumba mwishoni mwa miaka ya 1990. Wangari Maathai na wenzake waliupigania, na Januari 1999 alijeruhiwa akiwa katika mapambano hayo. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Msitu ulibaki, lakini kwa miaka mingi watu waliuogopa kwa sababu ya majambazi. Baadaye jamii inayouzunguka na idara ya misitu zilishirikiana kuulinda na kuwekewa njia, na leo familia hutembea humo kufuata mto hadi kwenye maporomoko ya maji. Huku kwetu, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua ushiriki wa wananchi katika kusimamia misitu. Njia ya kisheria ipo. Kinachohitajika ni watu wenye sababu ya kuipita, na sijui sababu iliyo nzito kuliko afya zao.

Tunachoweza kuanza nacho

Kwa wahudumu wenzangu, naomba mambo matatu. Litafuteni eneo moja la kutembea lililo karibu na kituo chenu, liwe msitu, ukingo wa mto, shamba la miti la shule au bustani ya hospitali yenyewe, na mlitembelee ninyi kwanza. Pili, agizo la kutembea liandikwe katika cheti kama dawa: wapi, dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki, na viatu gani, na mgonjwa akirudi aulizwe habari zake kama anavyoulizwa habari za vidonge. Tatu, mara moja kwa mwezi, mmoja wenu atembee pamoja nao. Nimejua mengi kuhusu wagonjwa wangu katika dakika 40 za kijitoni kuliko katika miaka mitano ya dakika saba saba chumbani.

Kwa msomaji ambaye ni mgonjwa, nasema hivi kwa heshima: ukiambiwa ufanye mazoezi, uliza. Uliza wapi, kwa muda gani, na kama miguu yako imepimwa. Swali hilo si utovu wa adabu. Mama mmoja aliliuliza, na limebadilisha namna kliniki yetu inavyofanya kazi.

Kikundi chetu bado kinakutana. Wengine wameacha, wengine wameongezeka. Sukari ya yule mama imeshuka, ingawa sipendi kulisema hilo kana kwamba ni njia peke yake iliyoishusha, kwani alibadilisha pia chakula na sasa anameza dawa zake kwa wakati. Yule dereva mstaafu alirudi baada ya kidonda kufunga kabisa, akiwa na viatu vilivyotengenezwa kwa kipimo cha mguu wake. Hatembei saa nzima. Anakwenda dakika 15 hadi penye ubao wa kuvukia kijito, anaketi juu ya gogo, na kabla ya kuanza kurudi anavua viatu, anavikung'uta, na kumkumbusha kila anayepita afanye vivyo hivyo.